Nyeupe ya Mzee Lin

Jumatatu, 6 Januari
Uji, dawa, kuoga. Mzee Lin, ninayemhudumia nyumbani kwake, hataki kuogeshwa. Ananifokea kwa lugha yake, namjibu kwa yangu, tunaelewana. Baridi ya kukata masikio, lifti moja mbovu tena. Nyumba inanuka mafuta ya rangi. Nikirudi kwangu wanangu wanaziba pua. Mzee ni Mtaiwani, uchoraji alijifunzia Ufaransa ujanani. Kuta zimejaa mapea, chupa na wanawake wa Kizungu wasio na nguo. Siku za kwanza nilikuwa nageuza uso. Siku hizi nawafuta vumbi.
Leo ameanza picha mpya. Uso wake mwenyewe.

Alhamisi, 9 Januari
Nimemuuliza picha ni ya nini. Akajibu bila kupepesa macho: ya kuweka mbele ya jeneza langu. Kwao picha ya msiba huandaliwa mtu angali hai. Nimeunguza mayai.

Jumatatu, 13 Januari
Uso unakaribia kwisha. Mashavu, shati, hata kovu la kidevuni. Macho tu hayana uhai. Anasema nukta nyeupe ya kwenye mboni huwekwa mwisho kabisa, ndipo picha inapoanza kutazama. Na chakula anakigusagusa tu.
Naogopa. Nampenda huyu mzee, basi.
Nimempigia Wanjiru, nesi ninayesali naye. "Wee! Huyo ashaanza kuaga, mami. Usimwache amalize hiyo kitu."

Alhamisi, 16 Januari
Nimeificha rangi nyeupe. Ilibaki tyubu moja, nimeitia mfukoni mwa koti. Alipekua droo, kabati, mpaka kwenye friji. Nikamsaidia kutafuta, mnafiki mimi. Mwishowe akaketi mbele ya picha, mikono magotini. Sikumuaga vizuri.

Ijumaa, 17 Januari
Si zamu yangu. Theluji, na juu yake mvua ya barafu. Mei, binti yake, amepiga simu kutoka kwake Richmond Hill. Baba ametoka peke yake. Ameteleza mbele ya jengo, ameangukia kichwa, yuko hospitali. Mei akaniuliza alikuwa anakwenda wapi na hali hii.
Nikasema sijui. Alikuwa anakwenda duka la rangi.

Jumapili, 19 Januari
Mzee amefariki alfajiri. Kanisani sikwenda. Wanjiru anapiga, sipokei.

Jumanne, 21 Januari
Nimekwenda kumsaidia Mei kukusanya vitu. Picha iko palepale. Mei aliitazama, akacheka huku analia. Kumbe yeye ndiye aliyemwomba baba yake aichore. Kwao mzee akijiandalia picha yake mapema, anajiongezea miaka. "Aliniambia anataka aimalize haraka, aje ale mwaka mpya wetu, mwisho wa mwezi huu, kwangu." Hata chakula, Mei alisema, alikipunguza aiachie nafasi karamu ya sikukuu.
Nikashika kiti.
Akauliza mbona macho ya picha hayana uhai. Alipoingia chumbani kukunja mashati, nikatoa tyubu mfukoni. Njiti ya kiberiti. Nukta moja, kisha ya pili. Ya kulia imekwenda pembeni kidogo.
Mzee akanitazama kutoka kwenye picha.
Nimeirudisha tyubu kwenye droo yake. Nimeosha vikombe, nikafunga dirisha la jikoni.