Ngazi Zake, Ngazi Zangu

Jumapili, 4 Oktoba

Padri Okwudili kanipa daftari hili baada ya misa. Alikuwa ameniona nashika rozari bila kuisogeza. Nikamwambia ukweli: tangu kimbunga cha Agosti, nikianza tu "Salamu Maria" akili inakimbia nyumbani, inafungua kabati moja moja na kuangalia vilivyokuwa ndani. Akasema, basi andika, Bi Ozite. Mungu anasoma pia.

Haya, naandika.

Hoteli hii iko kando ya barabara kuu, hapa mjini Lafayette. Serikali inatulipia sote tuliotoka pwani. Nina kitanda, nina maji ya moto. Nashukuru, kweli nashukuru. Lakini dirisha halifunguki. Kwetu Pointe Mouton nilikuwa nikifungua dirisha la jikoni alfajiri, harufu ya kinamasi inaingia na chumvi kidogo ndani yake, na ng'ombe wa jirani wanalia ng'ambo ya mfereji. Hapa kuna mashine ya ubaridi tu, na chumba kinanuka sigara za watu waliopita zamani.

Nataka kurudi nyumbani. Basi. Sasa limeandikwa.

Jumatatu, 5 Oktoba

Jumatatu ni maharage mekundu na wali. Mama angefufuka kama ningeiacha ipite hivi hivi. Kupika vyumbani ni marufuku – nimefunika king'ora cha moshi kwa kofia ya kuogea, nikapikia sufuria ya umeme. Bi Eunola wa chumba cha pili akabisha hodi. "Ama unanipa sahani, shoga, ama nakwenda kukushtaki mapokezi." Nikampa. Kala amesimama mlangoni mpaka ikaisha. Kisha akasema chumvi haikutosha.

Halafu mkono wangu ukachukua sahani nyingine. Ukapakua, ukafunika. Ndipo nikakumbuka.

Ilikuwa ya Kaka Clebert. Tangu mkewe afariki nimempelekea sahani kila jioni. Nyumba yake mbele, yangu nyuma, uwanja mmoja wa Baba. Yeye huketi kwenye ngazi zake na kupiga mluzi, mimi navuka uwanja na sahani. Kuja kula kwangu hajawahi. Si ugomvi, ndivyo alivyo. Husema mwanamume anakula kwenye ngazi zake mwenyewe. Marehemu mume wangu Raywood alikuwa akimtania: "Shemeji, kwangu kuna mbwa?" Kaka anacheka, hatoki.

Sasa yuko Houston kwa binti yake, Jonelle. Na mimi hapa na sahani.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimepiga simu ya misaada. Muziki, muziki, mpaka nimeweza kuuimba. Nilitaka ule msaada wa muda mrefu: nyumba ya magurudumu waiweke kwenye kiwanja changu, niishi humo huku najenga, na fedha za kujengea. Hoteli ni hadi tarehe saba Novemba tu.

Kijana mwenye sauti nzuri. Akasema ombi langu limekataliwa. Limejirudia.

Limejirudia vipi? Nimeomba mara moja tu.

"Namba 118 ina ombi tayari, mama. Clebert Guillory. Anwani moja ni kaya moja, na kaya moja ni ombi moja."

Nikamweleza huyo ni kaka yangu, ana nyumba yake. Akauliza umeme ulikuwa kwa jina la nani. Wa Kaka – tulivuta waya kutoka nguzo yake. Hati ya kiwanja? Ina jina la babu mpaka leo. Sanduku la barua? Moja. Nasikia anabofya.

"Kuna chochote pale kinachoonyesha nyumba zilikuwa mbili?"

Maji yamebeba zote, nikasema. Zimebaki ngazi. Za zege. Zake na zangu.

"Ngazi si nyumba, mama."

Hakusema kwa ubaya. Lakini Raywood alizimwaga zile ngazi kwa mikono yake kabla hata ya kusimamisha ukuta. Alitaka bibi harusi aingie kwa kupanda ngazi, si kwa kurukia ubao.

Jumamosi, 10 Oktoba

Nimeamka na lile sanduku la barua kichwani. Tulipooana, Raywood aliandika jina letu chini ya jina la Baba kwa rangi nyeupe. Basi, tukawa tumefika. Nani kwetu angekwenda mjini kuomba namba yake? Watu wangeuliza wamegombana nini. Kila uwanja Pointe Mouton ndivyo ulivyo, mzazi mbele, watoto nyuma, sanduku moja kwenye mlango wa barabara. Mleta barua anajua. Padri anajua. Hata mbwa wanajua nani wa wapi.

Serikali ndiyo haijui. Na sisi hatukuwahi kuiambia.

Jumatano, 14 Oktoba

Simu tena. Safari hii mama mmoja wa maneno makavu, lakini kanieleza mpaka nikaelewa. Niandike hapa nisije nikajidanganya baadaye.

Ombi la Kaka limeshakubaliwa. Nyumba yake ya magurudumu inaweza kufika kabla ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Nikisema mimi ni wa kaya yake, wataniongeza humo, watampa yenye vyumba viwili. Nitakuwa nyumbani. Lakini nyumba yangu itakuwa haikuwepo. Fedha za kujenga ni za nyumba moja, ya mbele.

Nikishikilia kwamba tulikuwa kaya mbili, faili linafunguliwa upya. La kwangu na la Kaka pia. Linasimama lote mpaka mkaguzi aje, na wakubwa waamue. Nikauliza lini. "Siwezi kukuahidi mwaka huu."

Kwa hiyo nikidai changu, namzuia yeye.

Sikupika chochote leo.

Jumamosi, 17 Oktoba

Jonelle kapiga simu. Analia na kunong'ona, Kaka yuko sebuleni.

"Shangazi, baba hali chakula. Anakaa kwenye kibaraza changu anatazama maegesho ya magari. Juzi kaniuliza upande wa kusini ni upi."

Nikamuuliza kama baba yake anajua habari ya faili. Hajui. Jonelle ndiye anayeshughulikia faili lake, na amemwambia nyumba yake inakuja na ya shangazi inafuata.

"Mbona umemwambia hivyo?"

"Angejua angekataa yake. Unamjua. Shangazi, sema tu mnaishi pamoja. Ni uongo gani huo? Chakula chake chote kilitoka kwako."

Mtoto yule nilimsuka nywele mpaka siku ya ndoa yake. Hakuna baya analonitakia. Anamtaka baba yake ale.

Lakini mimi nina miaka hamsini na minne. Kitu kimoja duniani nilichowahi kukiita "kwangu" ni vyumba vile vinne.

Jumatano, 21 Oktoba

Kaka mwenyewe leo. Sauti imekuwa nyembamba.

"Tite." Hakuna mwingine anayeniita hivyo sasa. "Mtini umesimama?"

Sijui, Kaka, barabara ilikuwa imefungwa.

"Ule wa upande wako. Wangu ulikuwa na wadudu kabla hata ya kimbunga." Akakohoa. "Mnakula nini huko?"

Nikamwambia kuku wa maboksi. Akasema hata Houston ndiyo hayo hayo, Jonelle anaweka sukari kwenye mkate wa mahindi kama watu wa Texas. Tukacheka, tukacheka.

"Trela lako linafika lini?" akauliza. "Langu wamesema karibuni. Wakiligeuza mlango uelekee kwako, nitaona taa yako ya jikoni."

Nikasema ndiyo, Kaka. Ndiyo tu, basi. Nimeikata simu, nikakaa bafuni na maji yakimwagika ili Bi Eunola asinisikie.

Jumapili, 25 Oktoba

Nimemngojea Padri nje ya sakristia. Nikamuuliza, nikisema mimi na Kaka ni kaya moja, nimetenda dhambi?

Akauliza kaya kwa hao wa serikali maana yake ni nini. Nikasema, wanaokaa na kula pamoja. Akacheka kidogo. "Kwetu Nigeria swali hilo lingemaliza siku nzima, na mbuzi mmoja." Kisha akanitazama vizuri. "Bi Ozite, hunitafuti kwa sababu ya dhambi. Unaogopa kupoteza nyumba ya Raywood mara ya pili."

Nimerudi kwa miguu. Mungu wangu, ndiyo hiyo hasa. Maji yaliichukua bila kuniuliza. Safari hii naulizwa.

Alhamisi, 29 Oktoba

Mkaguzi anakuja Jumatatu kutazama kiwanja kabla nyumba ya Kaka haijaletwa! Barabara imefunguliwa. Anataka kumwona Kaka na kila aliyeandika namba 118. Ni Siku ya Marehemu Wote, Padri anakwenda kubariki makaburi, atanichukua kwa gari lake. Jonelle anamleta baba yake.

Nitapaona nyumbani.

Jumapili, 1 Novemba

Watakatifu Wote, na sijapaka chokaa kaburi la mtu yeyote. Tangu nizaliwe haijatokea. Mwaka jana mimi na Kaka tulipaka la Baba, la Mama, la mkewe, la Raywood. Alinidondoshea chokaa kwenye viatu vyangu makusudi.

Nimeloweka maharage. Kesho ni Jumatatu.

Bado sijui nitasema nini.

Jumatatu, 2 Novemba

Naandika nikiwa nimeketi kwenye ngazi zangu. Nyuma yangu hakuna kitu. Nguzo chache zimelala, halafu majani, halafu anga. Padri kanishusha akaenda makaburini. Upepo unatoka kusini na una ile harufu. Nimeivuta mpaka kifua kimeuma.

Mtini wangu umevunjika, lakini shina limetoa jani. Nimelishika.

Jonelle alifika na Kaka. Amekonda, suruali imefungwa kwa mkanda wa mtu mwingine. Alishuka na fimbo. Akaenda moja kwa moja kwenye ngazi zake, akaketi, kofia magotini. Kisha akapiga ule mluzi.

Nikamletea sahani yake. Maharage yalikuwa bado na joto kidogo kwenye karatasi ya bati. Akasema, "Umechelewa, Tite. Tangu Agosti." Akafunua. Nikarudi kwangu.

Ndipo mkaguzi akaja. Mwanamke wa makamo, buti za matope, mpole. Akatembea huku na huku akipiga picha. Picha ya ngazi zake, picha ya ngazi zangu. Akasimama katikati ya uwanja, pale nilipozoea kupita na sahani. Tulimsikia sote wawili vizuri.

"Hapa nimeandikiwa kaya moja, na ombi la pili lililokataliwa. Mnasema ni moja au mbili? Kama ni mbili, itabidi nisimamishe na hili lililokubaliwa."

Kaka alikuwa na kijiko njiani. Kikasimama.

"Lililokataliwa la nani?"

Jonelle akasema, baba, ngoja. Kaka hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, na mimi nikatazama viatu vyangu.

"Tite. La nani?"

"Langu, Kaka."

Mkaguzi akaona aibu, maskini. Akasema simu haishiki hapa, anakwenda barabarani kumpigia mkubwa wake, na akirudi tumpe jibu, kwa sababu lazima aliingize leo. Jonelle kamfuata akiongea na kurusha mikono.

Tumebaki wawili. Kaka kule, mimi hapa. Nimetoa daftari kwa sababu sijui mikono niiweke wapi. Niseme moja, alale hapa kabla ya baridi, nisikie mluzi wake, na Raywood awe hakujenga kitu? Niseme mbili, na Kaka arudi kutazama maegesho ya magari? Yesu, nipe neno lolote.

Kaka kauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hii zege ya Raywood ilikuwa mwaka gani?"

Mwaka tuliooana, Kaka. Wewe ulishika beseni la maji.

"Nilishika. Alinifokea kwamba naweka maji mengi."

Gari la mkaguzi limewashwa taa, anazungumza ndani. Anatikisa kichwa.

Kaka anafunika sahani yake. Hajamaliza, imebaki nusu nzima. Anavaa kofia. Anasimama, fimbo mkono mmoja, sahani mwingine. Nilidhani anakwenda garini.

Siyo. Anavuka uwanja. Anakuja huku. Polepole, matope yanamshika, na sahani inainama lakini haimwagi. Hajawahi. Tangu zege ile ikauke, hajawahi.

Mlango wa gari umefunguliwa, mkaguzi anashuka na kompyuta yake.

Nimesogea upande mmoja wa ngazi, nampa nafasi ya kukaa, tule pamoja.