Sahani ya Mawaridi Nyuma ya Debe la Unga

Firmin,

Supu ya kabichi iko jikoni, ipashe moto. Kuku wape maganda ya viazi. Kabati la vyombo USILIGUSE.

Asubuhi natafuta chumvi, nakuta sahani ya supu ya mama yako, ile ya mawaridi, nyuma ya debe la unga, vipande vitatu, inanuka mvinyo! Wenzio hapa Limoges wakitaka kumimina mvinyo kwenye masalio ya supu wanywe, wanachukua bakuli la udongo. Wewe unanyanyua kauri ya mama yako kwa mikono yenye mafuta, halafu unafukia kama paka.

Nikampigia mama yako nikushtaki. Alipoitika tu, nikajikuta nasema nimeivunja mimi.

Akacheka mpaka akakohoa. “Usimfichie huyo na mvinyo wake, mwanangu. Zilikuwa kumi na nane. Sita alizimaliza baba yake, kwa mvinyo huohuo.”

Nimekwenda kwake. ~~Nalala hukohuko.~~ Narudi jioni. Nimebeba chupa yako ya mvinyo na sahani mbili za mawaridi. Mama yako anasema miaka yote hiyo, na yeye alikuwa anatamani kujaribu.

Mkeo