Nakala Thelathini na Nane

Chumba cha nyuma, nyumbani
Jumatano, saa kumi jioni

Mpendwa Mama Mdogo,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na likikaa ndani yangu siku moja zaidi nitaugua. Vipimo vya nguo vya wateja wa mama nimevifuta mimi. Si kaka. Mimi.

Shikamoo. Nisamehe kwa kutanguliza hilo kabla ya salamu. Najua ungenirudisha mlangoni nibishe hodi upya. Hujambo wewe? Mgongo unaendeleaje, na ofisini bado wanakupandisha ngazi kutafuta majalada ya zamani? Sisi huku wazima wa afya. Afya tu, lakini.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu ni ya mama na kompyuta imefunikwa shuka. Daftari la jiografia liko pajani. Mtu akipita, nalilaza juu ya karatasi hii. Nimeshafanya hivyo mara nne.

Ilianza vizuri. Unakumbuka uso wa kompyuta uliyotuletea ulivyojaa. Mama alikuwa anahifadhi kila kitu pale pale mbele, mpaka ile picha yenu mkiwa wasichana, mmevaa magauni ya kufanana, ikazibwa yote. Majina ya faili anayaelewa yeye tu: "Mabega", "Mrefu wa Benki", "Asiyetaka Mikono". Akimtafuta mteja hasomi, macho yanakwenda kwa mazoea: kulia chini, karibu na saa.

Shuleni tulishafundishwa kwamba folda ni kama droo, na ndani ya droo unaweza kuweka droo nyingine. Mwalimu anafundisha kwa Kiingereza, na mimi mkono siunyooshi, unanijua, ila nilielewa kila neno. Basi Jumamosi mama alipokwenda kununua vifungo, nikakaa. Nikatengeneza folda ya wanawake, ya wanaume, ya sare za shule. Nikawa nazikamata faili kwa kipanya moja moja, naziburuta, naziangusha ndani. Kila nikiondoa chache picha yenu inajitokeza: kwanza viatu, kisha pindo, mwisho kicheko chako. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo nikiwa peke yangu.

Ndipo nikaziona nakala. Karibu kila mteja alikuwa na faili mbili za jina moja, ya pili ikiwa imeandikwa kuwa ni nakala. Nikasema moyoni, mama naye, amebofya mara mbili mbili. Sikufungua hata moja. Nikazichagua zote, thelathini na nane, nikafuta. Halafu nikamwaga na pipa la taka, maana mwalimu alisema pipa likijaa ni uchafu vilevile.

Wewe umekua naye, wewe ungejua. Mama hatii mkasi kwenye kitambaa kabla ya kukata karatasi kwanza. Na kwenye kompyuta alifanya hivyo hivyo: faili ya mwanzo aliiacha safi asije akaiharibu, na mteja akinenepa au akikonda, alirekebisha kwenye nakala. Vipimo vya kweli vilikuwa huko. Nilivyobakiza mimi ni vya miaka minne iliyopita.

Jumapili aliona uso wa kompyuta ulivyotakata, akamwita jirani aje aone kazi ya binti yake. Kisha akaniambia nimsomee vipimo huku yeye anakata. Nikasoma kwa sauti, kwa kujidai kabisa.

Tulijua Jumatatu. Nesi wa mtaa wa pili alikuja kujaribu gauni lake la harusi ya mdogo wake. Zipu ikapanda mpaka kiunoni, ikagoma. Mama anavuta, nesi kabana pumzi, mimi nimeshika pini. Mwishowe nesi akasema taratibu, "Fundi, huyu uliyemshonea ni mimi wa kabla ya mapacha."

Walicheka wote wawili. Nesi alipoondoka, mama alifungua folda moja baada ya nyingine. Kaka ndiye aliyekuwa kwenye kompyuta Jumamosi usiku, anaandika maombi yake ya chuo cha ufundi, na kila mtu anajua pia hucheza gemu. Mama hakuuliza.

"Mwenzako amepanga, wewe umevuruga," alimwambia wakati wa chakula cha usiku.

Kaka, ambaye hata msibani hutafuta la kuchekesha, alisema tu hajavigusa. Kisha akanitazama. Hakunitazama kama mtu aliyenishtukia, alinitazama kama anayeomba shahidi. Nikainamia sahani.

Sasa haruhusiwi kuigusa kompyuta. Maombi yake yamo humo humo, yamefika nusu, na yanafungwa Ijumaa. Mama anawaita wateja warudi wapimwe, anawaambia anahakikisha tu. Jana walikuja kumi na mmoja. Kila futi ya kupimia inapofunguliwa, natoka nje. Nakwenda bombani bila ndoo, narudi. Nafungua kitabu, nasoma mstari mmoja mara sita.

Nilitaka kukuuliza, wewe unayetunza kumbukumbu za watu: pipa likishamwagwa, kuna njia ya kurudisha? Lakini nilipofika hapa nimehesabu siku. Barua hii itakufikia wiki ijayo. Nadhani nilijua tangu nilipoandika mstari wa kwanza. Nimechagua kumwambia mtu aliye mbali kuliko wote, ambaye hawezi kufungua mlango huu akaniona uso.

Nisalimie Baba Mdogo, mwambie redio aliyotuachia bado inakoroma. Wasalimie wanao, Kibonge na dada yake, na yule bibi wa ghorofa ya chini anayekutunzia ufunguo. Mungu aushike mgongo wako, na kila ngazi unayopanda ikushushe salama.

Mimi mwanao nikupendaye, yule uliyempa jina la
Kimya

Nilikuwa nakunja karatasi. Nasikia ndala za mama, zimepita jikoni, zimepita mlango wa kaka. Mkono umeshika daftari la jiografia kwa mazoea. Nimelitupa chini ya kitanda. Karatasi iko wazi pajani, upande ulioandikwa uko juu, na mama anafungua mlango.