Fonti ya Mjomba kwenye Laptop ya Mheshimiwa

Mjomba,

Shikamoo. Nimesubiri marahaba yako kidogo hapa kwenye mstari, kwa mazoea.

Tangu tukuzike umechapa mikataba mitatu. Ni uchapakazi wa kupongezwa, maana miezi yako ya mwisho hata kuandika jina juu ya bahasha kulikushinda. Mkataba wa kwanza niliusikia kwa watu. Wa pili niliuona kwa mbali, mkononi mwa mtu wa Saza aliyekuwa analia barabarani bila kujificha. Wa tatu nimeushika mwenyewe Jumatatu hii, nikautoa fotokopi, karatasi ikaingia upande.

Ngoja nianze mwanzo. Ulikuwa humpendi mtu anayeanzia katikati.

Tulikuzika Ileje wakati kahawa ya Mbozi inachanua. Sasa inavunwa. Steshenari ipo palepale Chapwa, hapa Tunduma. Malori bado yamepanga foleni ya kwenda mpakani, vumbi lao bado linaingia kwenye printa, nami bado nalipangusa kwa ile soksi yako iliyobaki mguu mmoja. Wateja wakinikuta kwenye kiti chako wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Wengine wanajua kabisa umekufa, walikula ubwabwa wa msiba wako. Wanauliza tu, kama mtu anavyofunua sufuria anayoijua kuwa ni tupu. Nawajibu, "Fundi ni mimi." Wananitazama kuanzia kwenye ndala kwenda juu, wanashusha pumzi, wanakaa.

Kinachowakalisha ni yale maandishi yako. Ile fonti uliyopewa kwenye flashi na dereva wa Kizambia, yule uliyemchapia barua yake ya forodha naye akashukuru kwa Kibemba mpaka ukaona haya. Hapa mjini hakuna aliyekuwa nayo ila wewe. Ile M iliyotanua miguu kama mama anayepepeta maharage. Ile g yenye mkia mrefu. Wazee wa Iyula wasiojua kusoma hata neno moja walikuwa wanainua mkataba wa shamba kwenye mwanga na kusema, "Huu ni wa fundi wa Tunduma," kisha wanatia dole gumba bila swali. Waliyajua maandishi yako kama mfugaji anavyojua alama ya ng'ombe wake. Wewe ulicheka. Ulisema afadhali hivyo kuliko mhuri, maana mhuri unachongwa popote.

Hapo ndipo tulipokosea, Mjomba, wewe na mimi na Iyula nzima.

Unakumbuka ile ratiba ya mazishi ya mwinjilisti? Tuliiandika hapa ikapendeza, wakaibeba kwenye flashi wakaitoe kanisani kwao, kwenye kompyuta isiyokuwa na fonti yetu. Ile kompyuta ikajichagulia maandishi yake. Ukurasa mmoja ukawa kurasa mbili na nusu, na jina la marehemu likaangukia chini ya kichwa kinachosema Chakula. Mjane akasoma, akacheka pale pale kaburini, watu wakamshika mikono wakidhani amechanganyikiwa. Siku ile ulinikalisha ukaniambia, "Sekela, maandishi hayakai kwenye barua, yanakaa kwenye kompyuta. Barua inabeba maneno tu, nguo inazikuta huko iendako." Ukanifundisha kuziweka. Fungua flashi, bofya faili, bonyeza kitufe cha kuweka, funga programu ya kuandikia na uifungue upya, ndipo jina la fonti litajitokeza kwenye orodha. Na ukanikemea, maana nilikuwa na haraka: "Ni mafaili manne! La kawaida, la herufi nene, la mlalo, na la nene za mlalo. Ukiweka moja ukaacha mengine, umemvalisha mtu shati bila suruali."

Nilisikia. Kusikia kwangu unakujua.

Tulipokwisha kuanua tanga akaja Mheshimiwa. Unamjua, yule mnunuzi wa kahawa mwenye suti ya rangi ya maziwa, anayeitwa Mheshimiwa na hajawahi kugombea hata uenyekiti wa kwaya. Nasikia hata mkewe anamwita hivyo. Alikuja na laptop kwapani, akapokea shikamoo yangu, akanipa pole ndefu. Akasema, "Yale maandishi ya mjomba wako yananigusa moyo, binti. Niwekee humu, yawe kumbukumbu." Halafu akawageukia wateja waliokuwa kwenye benchi: "Huyu mnamwona? Huyu ni injinia."

Mjomba, mtu aliyeishia darasa la saba akiitwa injinia mbele za watu, hata kama ana akili, huziweka chini kidogo ili alipokee hilo jina kwa mikono miwili.

Nikamwekea. Gari lake lilikuwa linaunguruma nje, naye anagonga kaunta kwa pete, ko, ko, ko. Nikaingiza faili la kawaida, nikafunga programu, nikafungua, nikamwonyesha jina kwenye orodha, akatabasamu. Mengine matatu nikayaacha. Uvivu mtupu. Sikujua kwamba uvivu huo ndio kitu pekee cha maana nilichofanya siku ile.

Jumatatu akaja Mama Tumaini wa Iyula. Unamkumbuka, mumewe ndiye aliyekuwa anatuletea parachichi na kukataa shukrani. Naye alifariki, miezi michache kabla yako. Mama Tumaini alikuwa na karatasi, anataka nakala za kupeleka baraza la kata. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya jeneza, "Mwanangu, hebu nisomee. Wanasema baba Tumaini aliliuza shamba la kahawa kabla hajafa. Wanasema mjomba wako ndiye aliyechapa."

Nikausoma. Muuzaji ni mumewe, marehemu. Shahidi wa kwanza ni kaka wa mumewe, marehemu. Mwandishi na shahidi wa pili ni wewe. Mkataba mzima ni wa marehemu watupu, aliye hai ni mnunuzi peke yake, na mnunuzi ni Mheshimiwa. M zimetanua miguu. Mikia ya g imeshuka inavyotakiwa. Mama Tumaini akanitazama usoni akauliza, "Ni yeye, eti?" Nikausogeza kwenye mwanga, Mjomba. Kwa sekunde kadhaa hata mimi nilikuona umekaa unauchapa, na kile kikohozi chako.

Halafu nikaangalia kichwa cha habari. MKATABA WA MAUZIANO YA SHAMBA. Kilikuwa kimevimba.

Nikatoa boksi lako la nakala chini ya meza, nikaweka wa kwako kando ya ule. Herufi nene za kwako zina miguu minene lakini matumbo yake yako wazi, A inapitisha mwanga. Za ule zimejaa, kingo zimejirudia mara mbili, A imefumba jicho. Kompyuta isipolikuta faili la herufi nene haikwambii. Inachukua herufi ya kawaida na kuinenepesha yenyewe kwa nguvu, kama mtoto aliyejaza ugali mashavuni. Na hapa Tunduma laptop niliyoiwekea fonti yako bila faili la herufi nene ni moja tu.

Sikumwambia Mama Tumaini. Nilimpa nakala zake, nikamshukuru kwa kilugha, "ndaga, mama," kana kwamba yeye ndiye aliyenisaidia. Aliposhuka ngazi aliniambia amekatazwa kugusa hata punje moja mpaka baraza liamue. Kahawa imeiva yote na inaanguka chini yenyewe. Analala akiisikia, alisema. Sijui kama kahawa inasikika ikianguka. Tangu Jumatatu naisikia na mimi.

Jumanne Mheshimiwa akarudi. Laptop kwapani, pete kwenye kaunta. "Injinia, yale maandishi yangu kichwa kinatoka kimevimba. Nirekebishie vizuri."

Umeona? Jicho analo. Nikiweka yale mafaili matatu, mkataba wa nne utakuwa safi kiasi kwamba hata wewe ungeapa ni wako. Nikamwambia flashi imeingia virusi. Akatulia. Wewe ulikuwa unasema mtu anayepiga kelele ana haja ya kusikilizwa, mtu anayetulia ana haja nyingine. Akaniambia, taratibu, kama baba, "Alhamisi baraza linakuita. Sitaki useme uongo, binti. Wataulizia tu, haya ni maandishi ya mjomba wako au siyo? Wewe sema ndiyo. Si ni kweli?"

Ni kweli. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Hakuna uongo hata mmoja ninaoombwa kusema.

Kisha akachungulia nje kwenye foleni ya malori. "Tunduma hii malori ni mengi mno," akasema. "Mtu anagongwa, dereva anafika Lusaka hajajua." Akanunua kalamu moja ya bluu, akaondoka.

Jana asubuhi nilifika nikakuta mlango una kufuli mbili. Ya kwetu iko palepale, haijaguswa. Juu yake kuna nyingine mpya, inang'aa, bado ina mafuta. Nikasimama na ufunguo wangu usiofaa kitu, wateja wamejipanga nyuma yangu, wanauliza kama tumefilisika. Saa tatu akaja yeye. Akatoa ufunguo mfukoni, akafungua kufuli yake, akaining'iniza kidoleni mwangu kama zawadi. "Nilikuwa nakulindia," akasema. Watu wakacheka, wakasema una bahati binti, una mlezi. Na mimi nikacheka. Nikasema ahsante. Mjomba, nilisema ahsante.

Jana hiyohiyo nikamwita Mama Tumaini nikamweleza yote, hadi lile la kuitwa injinia. Nilidhani atanitukana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe ni wewe uliyemvalisha maandishi hayo." Akachukua mikataba yako mitano ya zamani kutoka kwenye boksi, akaifunga tumboni ndani ya khanga. Nimempa pia karatasi mbili nilizozichapa mimi: moja herufi nene za kweli, nyingine za kulazimishwa. Ushahidi umeshafika Iyula. Lakini karatasi hazijui kujieleza. Anayejua kwa nini kichwa kimevimba ni mimi peke yangu, na Mheshimiwa si mjinga.

Kuna jambo jingine, na ndilo lililonifanya nikuandikie badala ya kukuombea tu. Nikisema leo barazani kwamba maandishi yako yanaweza kuwekwa kwenye kompyuta ya mtu yeyote kwa kubonyeza kitufe kimoja, hakuna atakayeuinua tena mkataba wako kwenye mwanga na kutulia. Watu wa Iyula, wa Saza, wa kwenu Ileje, wote watakwenda kufungua masanduku yao na kuuliza, na huu je? Miaka yote uliyokaa hapa na kikohozi chako nitaitia shaka kwa dakika tano. Mama yangu ameniambia nikae kimya. Anasema jina la ndugu yake ndiyo mali pekee aliyoacha. Yeye hajawahi kuona jina likiuza shamba la mjane.

Naandika kwa mkono, kwenye daftari la kaunta. Mwandiko wangu ulikuwa unakuchekesha. Leo ni Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, baraza ni saa nne. Mama Tumaini alisema atatuma kina mama watatu wa kanisani kwao na gari la kukodi waje kunichukua, nisipande peke yangu. Mheshimiwa naye alituma ujumbe jana jioni: atapita kunichukua, maana sote tunakwenda njia moja.

Kwa hiyo nakuahidi hili, Mjomba. Sitasubiri kuulizwa kama ni maandishi yako. Nitasimama, nitataja jina langu na la mama yangu, na nitasema mimi ndiye niliyeyaweka kwenye ile laptop, kwa mkono huu, kwa sababu nilisifiwa. Nitaanza na hilo, ndipo niwaonyeshe A. Wakinicheka wacha wacheke. Wakikutilia shaka, nitakwenda nyumba kwa nyumba na boksi lako, hata kama itanichukua mpaka kahawa ichanue tena, nimhakikishie kila mtu mkataba wake.

Pumzika, Mjomba. Usinikasirikie sana, na kama huko mnaruhusiwa, angalia barabara ya kwenda Iyula leo.

Kuna gari limesimama nje. Linapiga honi, mara mbili sasa. Ni honi ya kawaida tu, siwezi kujua ya nani. Naweka kalamu, natoka.

Mpwa wako,
Sekela