Mahali pa Kulala Peke Yako, Juu ya Rongai

Mtaa wa Bondeni,
Nakuru.
3 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Lynn,

Pokea salamu zangu na za Mama Karanja. U mzima? Ule mgongo uliokusumbua kwa kuinua wagonjwa umepoa? Sisi tuko salama kwa neema ya Mungu. Magoti yangu hulalamika mawingu ya mvua yakitanda, lakini kibanda changu cha kutengeneza saa nakifungua saa mbili kamili kila asubuhi, na macho bado yanaona skrubu ndogo bila kusaidiwa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu husomwa na kila anayeingia nyumbani, na jambo uliloniomba si la grupu ya familia. Hapa nyumbani ni Mama Karanja peke yake anayelijua.

Uliniomba mahali karibu na Nakuru ambapo utapiga hema na kulala siku mbili bila mtu, mwezi wa Agosti, kabla ya kwenda Bahati kwenye kaburi la mama yako. Ukasema nisipopapata, utalala hotelini Nairobi, ukae kaburini kwa saa moja, kisha urudi Uingereza. Nimesoma maneno hayo mara nyingi.

Sitakuficha, sikuyapenda. Kwetu aliyefiwa haachwi peke yake. Mama Karanja aliniambia, "Muturi, mtu akiwakimbia watu wake, mfuate. Wewe unamtafutia njia?" Hata mimi nilikuwa na hofu hiyo hiyo. Lakini uliandika kwamba unataka kulia bila kushikwa bega na mtu, basi nikaona nitafute kwanza, hofu nitaishughulikia baadaye.

Kila nilipokwenda niliandika katika shajara yangu. Tarehe 10 Mei nilipanda Menengai. Nilidhani kule kuna kimya. Kumbe mapangoni kumejaa waumini wanaofunga na kuomba kwa sauti tangu alfajiri. Mama mmoja aliniona nimesimama peke yangu, akaniuliza shida yangu ni nini, na kabla sijajibu mikono yake ilikuwa kichwani pangu. Aliniombea vizuri sana, lakini si pahali pako.

Tarehe 17 nilishuka Elmenteita. Kuna mahali pa kukodi mahema kando ya ziwa, safi, pana ulinzi, lakini Jumamosi hiyo muziki ulitikisa mabati. Kijana wa langoni aliniuliza, "Mzee, mtu mmoja tu? Huku watu huja wawili wawili, kama kwenye safina ya Nuhu." Wenzake walicheka, nami nikacheka, nikaondoka. Kilima cha nyuma ya Salgaa nilikifuta bila kupanda. Malori yanayoteremka barabara kuu yanasikika hadi juu.

Tarehe 24 fundi mwenzangu alinielekeza juu ya Rongai, kwa mjane aitwaye Jepkosgei. Kutoka kwenye lami ni kilomita nne kwa bodaboda, halafu unatembea dakika thelathini na tano kwa mwendo wangu wa magoti. Juu ya shamba lake kuna kiwanja cha majani, tambarare, kimezungukwa na mianzi. Unaliona bonde lote, wala huoni nyumba ila yake, chini kabisa. Niliketi kwa muda wa saa tatu, sikupitiwa na mtu.

Jepkosgei alinisikiliza, kisha akauliza, "Huyo mtoto amekosana na nani?" Nikasema hajakosana na mtu. "Sasa mbona anataka kulala msituni kama swara, na nyumba yangu iko hapa na vitanda?" Nilimweleza yote. Akasema atakubali kwa sharti moja. Kukipambazuka, uwashe moto. "Tukiona moshi, hakuna atakayekuja kukusumbua, hata kwa salamu. Tusipouona, tunapanda wote."

Nilikubali, lakini sikutaka kukutuma mahali ambapo sijalala mimi. Tarehe 29 niliazima hema la mwalimu wa skauti, nikachukua jerikeni la maji, kuni na kiberiti, nikapanda.

Usiku ulikuwa na baridi lakini salama. Niliamka kukiwa kumepambazuka, nikatoka nje kuwasha moto. Lynn, siku ya mazishi ya mama yako mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Wakati wa korona, watu wachache, muda mchache. Mimi ndiye niliyeinua simu ili uone kutoka huko, na mimi ndiye niliyeteremsha mkono nikakuta picha imeganda, sijui tangu lini. Tangu siku ile nimewafariji watu wote. Pale juu hapakuwa na wa kufariji. Nililia mpaka jua likatoka, kiberiti kikiwa mkononi, moto sikuukumbuka.

Wakaja. Jepkosgei mbele, wakaza wanawe wawili nyuma, na jirani mwenye panga na kamba, wote wakihema. "Mzee! Uko hai na hujawasha? Umetutoa roho!" Kisha akauona uso wangu. Aliweka kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando, kwenye majani, akawageuza wenzake kwa mkono, wakateremka. Niliposhuka mchana hakuna aliyeniuliza kitu. Tulizungumza habari za mahindi.

Kwa hiyo mahali pamepatikana. Ni pa upweke, na si pa kupotea. Njoo na sweta nzito na viatu vya matope. Mtandao wa simu uko kwenye jiwe kubwa upande wa mashariki tu. Mimi nitalala nyumbani kwa Jepkosgei siku zote mbili, nami sitapanda ukiwasha moto. Hilo nakuahidi. Nawe niahidi kwamba utauwasha.

Nilikuwa nimepanga kwamba ukishuka, jamaa wote wawe Bahati wakikungoja, na chakula kimepikwa. Nimeyafuta hayo. Hakuna atakayeijua siku yako ya kuja. Ukishuka na kusema twende kaburini, tutakwenda sisi wawili. Ukisema bado, nitakufikisha uwanja wa ndege, nasi tutangoja mwaka mwingine. Mama yako haondoki. Wakija kusikia kwamba ulikuwa nchini, nitawaambia nilikosea tarehe. Watashangaa sana fundi wa saa kukosea tarehe, lakini heri washangae.

Karanja wetu anakusalimu, amepata kazi Gilgil. Mama Karanja anasema ule vizuri. Bado ana wasiwasi, lakini ndiye anayekushonea blanketi la kulalia huko juu. Nisalimie Chepchumba unayeishi naye, na umshukuru kwa kukutazama.

Mungu aliyempokea mama yako akushike mkono kwenye kila hatua ya safari, uje salama na urudi salama.

Wako akupendaye, ukija kaburini au usipokuja,

Mjomba Muturi