Saa Inayohesabu Moyo Wangu

Savai'i, Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na kwa mapenzi ya mtoto uliyemwacha huku kisiwani. Natumai barua hii itakukuta umeamka vizuri, miguu haijavimba kwa kusimama kutwa nzima ukifua mashuka ya wazee wa watu, na baridi ya Auckland imekuhurumia kidogo mwaka huu. Sisi huku tunapumua. Mikaele mume wangu ni mzima, ameshinda shambani kwenye magimbi. Elia ametimiza miaka mitatu na anakula kama mzee mwenye cheo. Vaiola ameanza shule na tayari anamfundisha baba yake kushika kalamu. Mshelisheli wa nyuma ya nyumba umezaa mpaka tunagawia hata wale tusiosemeshana nao.

Utashangaa nakuandikia wakati Jumapili tu tumeongea. Mama, unazijua nyumba zetu hizi zisizo na kuta. Ukipiga simu, simu inawekwa katikati ya mkeka, kila mtu anaingiza kichwa chake, baba mkwe anakusalimu robo saa nzima kama vile wewe ni mkutano. Nina jambo ambalo haliwezi kusemwa katikati ya mkeka. Binamu yangu Setu anasafiri Ijumaa kuja kuchuma matufaha huko, nimemwomba akupe barua hii mkononi. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Kwanza nikushukuru kwa saa. Ulichoka kunisikia nikilalamika kwamba moyo unanienda mbio, ukanunua saa inayohesabu mapigo, ukaituma kwenye boksi pamoja na nyama ya kopo. Ulisema nikiivaa nitajionea mwenyewe kwamba sina kitu na nitaacha kuogopa. Mama, sikuacha. Zamani nilikuwa nahesabu kwa kubana vidole shingoni huku naitazama saa ya ukutani kanisani, midomo inanichezacheza, mpaka mke wa mchungaji akanisifu kwamba siku hizi nasali sana. Ilipokuja saa hii inayohesabu yenyewe, ndipo nilipokwisha kabisa. Nikikaa kitako inasema themanini na nane. Nikiiona themanini na nane naogopa, inapanda tisini na tano. Nikiiona hiyo naogopa zaidi, inafika mia na kumi, mikono inaingia ganzi na jasho linanitoka. Nimeacha kakao ya asubuhi. Nimeacha kumbeba Elia. Kwenye kwaya nimehama kutoka mstari wa sauti za juu nikajificha kwa wale wa sauti nzito. Kwenye bwawa la kuogea siendi peke yangu, nahofia nitaanguka humo na wasinione.

Kina mama wa kamati ya kijiji wameshanifanya mchezo wao. Tukiketi kusuka mikeka wananiuliza eti Fuatino, saa ngapi sasa hivi huko kifuani, nami mjinga natazama na kuwajibu tisini na sita, wanasema basi bado mapema, tuendelee kusuka. Bibi Faapusa, yule anayekanda watu matumbo, aliwakemea waniache wasije wakanipotezea hesabu, wakacheka zaidi.

Ila yeye alikuja nyumbani. Alinilaza, akanipaka mafuta ya nazi, akanibonyeza chini ya kitovu pale penye mpigo, akasema to'ala yangu, huo mpigo wa uhai wa tumboni, imehama mahali pake, imepanda hadi chini ya mbavu kama mtoto anayeogopa mbwa, ndiyo maana sili na moyo haukai. Alinikanda siku tatu. Kila akiishusha inapanda tena. Siku ya tatu alikasirika, akasema amekanda wanawake arobaini miaka yote hii na hajaona tumbo kaidi kama hili, basi watu wa nyumba hii waketi waseme, maana mwili ukikataa kutulia kuna mtu amekalia neno.

Tuliketi, kama desturi ilivyo. Mikaele alianza, akasema alinikasirikia moyoni siku nilipounguza magimbi. Mama mkwe alisema kuna kopo la samaki alilificha chini ya mkeka akala peke yake, tukacheka mpaka baba mkwe akakohoa. Ilipofika zamu yangu nilisema nina wivu na Setu kwa sababu anasafiri. Wote wakanisamehe. Bibi Faapusa alikuwa bado ameweka kidole gumba tumboni pangu. Alinitazama, akasema imeruka sasa hivi. Alijifunga shuka lake akaenda zake, na shelisheli tulilompa aliliacha pale pale.

Wiki tatu zilizopita watu wa moyo walivuka kutoka Apia na mashine yao ya picha, wakaja shuleni kuwapima watoto wote. Watoto waliogopa. Nesi Penina, ambaye nimemsumbua mwaka mzima na saa yangu, akamwambia daktari waanze na mimi ili watoto waone kwamba haiumi, na ili mimi niache kumnyima usingizi. Basi nikalala. Walinipaka kitu cha baridi kifuani, moyo wangu ukatokea kwenye kioo, unafumba na kufumbua, watoto wakacheka wakasema moyo wa mama yake Vaiola una mdomo wa samaki. Daktari, msichana mdogo kuliko mimi, aliutazama kila upande. Akasema moyo huu ni mzima, hauna doa, niende nikapike.

Mama, nililia. Wote walidhani ni furaha. Haikuwa furaha. Nilikuwa nimetaka uwe mbovu. Zaidi ya miaka miwili nimekaa nauhesabu, nikingoja siku utakaposimama, na ndani kabisa nilikuwa naona hiyo ndiyo haki yangu. Sasa naambiwa ni mzima na niende nikapike.

Nilikuwa bado najifuta yale mafuta Vaiola alipolala pale pale nilipotoka. Alitulia vizuri, hata alimwonyesha daktari kisigino chake kilichochubuka. Daktari alitazama muda mrefu. Watoto waliacha kucheka wenyewe bila kuambiwa. Halafu akamwita Nesi Penina, wakaongea kwa sauti ya chini, na mimi nikajua kabla sijaitwa.

Ni ile ile, Mama. Ile homa inayoanzia kooni, ikaingia magotini, ikaishia moyoni. Nami nakumbuka koo lake lilivyomuuma mwaka jana, nikampa maji ya chumvi, huku vidole viko shingoni kwangu mwenyewe. Mlango mmoja wa moyo wake haufungi vizuri. Wanasema imewahiwa, ni kidogo mno, na akichomwa sindano kila wiki ya nne bila kukosa anaweza kukua, akazaa, akazeeka. Bila kukosa. Nesi alilisema hilo neno mara mbili huku ananitazama, au mimi ndiye niliyeona ananitazama. Kesho, Alhamisi, ni sindano yake ya kwanza. Ndiyo maana leo lazima niandike.

Mama, ni habari ya Litia.

Unakumbuka siku ulipoondoka, pale kwenye feri, uliushika mkono wangu na wa mdogo wangu Litia ukaiunganisha, ukasema nimeachiwa mtoto wako wa mwisho na sindano zake za homa hiyo. Alikuwa na miaka kumi na nne. Mikaele naye alikuwa ameenda Australia kuchuma matunda, na mimi nilikuwa na Vaiola wa miaka mitatu, na Elia ndio kwanza nimemzaa, mgongo haujapona. Litia ndiye aliyekuwa mikono yangu. Ila akichomwa, unajua ile sindano ilivyo nzito, alilala siku mbili hawezi kuchuchumaa kwenye beseni.

Kweli alijificha. Mara mbili za mwanzo, kombe la kamati, lile gamba kubwa la baharini, lilipopulizwa kutangaza nesi amefika, alikimbilia nyuma ya zizi la nguruwe la mchungaji. Kijiji kizima kinajua, na ndicho kinachosimuliwa. Kisichojulikana ni kwamba baada ya hapo hakukimbia tena. Nilimsema, akanisikia. Mara ya tatu kombe lilipolia alichana nywele zake, akavaa gauni safi, akaja kusimama mbele yangu akasema yuko tayari, twende kabla hajaghairi.

Nilikuwa na rundo la nepi. Elia alikuwa analia tangu alfajiri. Nilimwambia leo nisaidie kufua, utachomwa mwezi ujao, mwezi mmoja si kitu. Nikampa beseni akaenda bwawani na gauni lake safi. Mimi nikaenda kwenye nyumba ya kamati na mtoto mgongoni, Nesi Penina akafungua daftari, akaita Litia, nikasema hayupo. Kina mama wakacheka, wakasema yule mtoto anakimbia sindano kama kuku anavyokimbia asubuhi ya Jumapili. Na mimi nikacheka.

Mwezi uliofuata ikawa hivyo hivyo. Nilisema hayupo mara tano, Mama. Tano. Mara ya mwisho yeye mwenyewe aliniuliza kama hajapitiliza sana, nikamwambia mbona una afya ya ng'ombe.

Mvua zilipoanza homa ilirudi. Ulishaambiwa kwamba alifariki kwenye feri tukivuka kwenda Apia, na kwamba alienda kwa amani. Haikuwa amani. Alikuwa amekaa wima kwa sababu akilala hapati pumzi. Aliuchukua mkono wangu akauweka kifuani pake, akaniambia niusikie unavyokimbia, kama vile anacheza mpira ilhali ameketi. Nikaanza kuhesabu. Sikujua kitu kingine cha kufanya, nikahesabu kwa sauti ili asikie kwamba niko naye. Nilipita mia na sitini, nikapotea, nikaanza upya. Tangu siku ile sijaacha, ila nimebadilisha tu kifua.

Ulikuja kuzika. Ulisimama mbele ya ukoo wote, umeishiwa machozi, ukasema mtoto wako ameuawa na ukaidi wake, watoto wengine wajifunze. Nilikuwa nimeketi miguuni pako. Ningeweza kusema pale. Nilimwinamia Elia nikamnyonyesha. Na mpaka leo kina mama wa kijiji hiki, mtoto akigoma kumeza dawa wanamwambia usiwe kama Litia. Juzi nimesikia Vaiola anaambiwa hivyo hivyo na bibi yake, na saa ikaonyesha mia na ishirini na nane.

Litia hakuwa mkaidi. Alichana nywele zake akaja. Mimi ndiye niliyemrudisha.

Naacha hapa kwa leo, Elia ameamka.

Alhamisi, mchana

Mama, naendelea kwa kalamu nyingine, ile imeisha.

Kombe lilipulizwa asubuhi tukiwa tunakunywa chai. Saa nilikuwa nimeivua nikaifungia kwenye kopo la biskuti, kwa hiyo siwezi kukuambia moyo ulifika ngapi. Vaiola aliweka kikombe chini. Aliniuliza kama itaumiza, nikasema itaumiza sana, na kesho utachechemea. Akauliza na mwezi ujao tena? Nikasema na mwezi ujao, na mwingine, mpaka uwe mkubwa kuliko mimi. Akafikiri, akasema basi nichane nywele.

Sikuweza kushika kitana, Mama. Mikaele ndiye aliyemchana, hovyo hovyo, na akaniuliza mbona unageuza uso hivyo, wewe siye unayechomwa. Nikamwambia yote nimeyaandika na jioni atayasikia, yeye na watu wa nyumba yote, tukiketi.

Nyumba ya kamati ilijaa. Kabla Vaiola hajalala kwenye mkeka nilimwomba Nesi Penina arudi nyuma kwenye daftari lake miaka mitatu. Alikuwa bado nalo. Hayupo, hayupo, kwa penseli, mara tano chini ya zile mbili za kweli. Nikasema mbele ya kina mama wote kwamba hizi tano ni zangu, Litia alikuwa bwawani anafua nepi zangu kwa amri yangu. Hakuna aliyecheka. Mmoja alitoka nje. Bibi Faapusa aliendelea kusuka bila kuinua macho. Nesi akasema siku moja alipita bwawani akaona kichwa cha msichana, akamdhania mwingine, wala hakusimama kuhakikisha kwa sababu gari lilikuwa linamngoja. Tuliliinamia daftari pamoja, mimi na yeye.

Halafu akafungua ukurasa mpya, akaita jina kama taratibu inavyotaka, ingawa mtoto alikuwa mbele ya macho yake. Akaita Vaiola.

Nikasema yupo.

Alilia sana, Mama, amenichubua mkono kwa kucha, na sasa hivi amelala kifudifudi ananiangalia ninavyoandika. Nimehesabu siku ishirini na nane kwenye kalenda ya kanisa nikaweka alama. Nitakuwa nahesabu hizo.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba kitu kimoja tu: ukiongea na watu wetu huko kanisani, na ukipiga simu hapa katikati ya mkeka, liseme jina la Litia vizuri. Ukishindwa kuongea na mimi kwa muda nitaelewa, ila uongee na watoto, wanaingoja sauti yako. Mimi nipo. Nitakuwepo kila Alhamisi ya nne.

Saa yako nampa Setu akurudishie. Labda itakufaa kazini kujua muda wa kupumzika miguu.

Mikaele anakusalimu, na baba mkwe, ambaye angetaka salamu zake ziwe ndefu kuliko barua. Elia amechora hapo chini, anasema ni samaki. Vaiola anasema nikuandikie kwamba alikuwa jasiri kidogo.

Mungu akulinde kwenye baridi hiyo.

Ni mimi mwanao,
Fuatino