Pumzi Yangu Baada ya Kisu

Jumatatu, 3 Machi
Sare kumi na mbili za shule, bado kola. Nimekanyaga cherehani tangu asubuhi hapa Rongo. Tumbo linadunda. Picha zilionyesha mshipa mkuu wa damu umevimba humo ndani. Ukipasuka, basi. Upasuaji ni Alhamisi, Kisumu. Shemeji Otieno, ndugu wa marehemu mume wangu, ametoka Sori kunizuia. "Mama Adhiambo, kwa umri wako utafia mezani," akasema. Nimemwambia nitapasuliwa. Nikaendelea kushona.

Jumapili, 9 Machi
Niko hai. Upasuaji ulienda vizuri. Siku ya pili pumzi ikakataa. Daktari amenieleza polepole. Walipobana mshipa, miguu ilikosa damu. Walipoachilia, damu ikarudi kwa kasi na kinga ya mwili ikashtuka. Hakuna mdudu wala kidonda kilichooza, lakini askari wa mwili wamevamia mapafu, nayo yanavuja maji. Mwili wangu mwenyewe. Nimekasirika sana.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji alidhani nimelala. Akamwambia binti yangu Adhiambo, "Tuchague mahali pa kaburi mapema, kando ya baba yako."
Adhiambo akaanza kulia. Nikasukuma barakoa ya oksijeni pembeni.
"Shemeji, sijafa. Kama unataka kuchimba, nichimbie choo."
Maneno hayo yalinimaliza pumzi. Nesi amenigombeza. Sijutii.

Jumanne, 11 Machi
Kuketi. Kuvuta pumzi ndefu. Kukohoa, ili mapafu yafunguke. Nakumbatia mto juu ya mshono, nakohoa, nasikia kama nachanwa upya. Nesi alisema mara kumi kila saa. Nafanya kumi na mbili. Naogopa pia. Usingizi ukija nadhani sitaamka. Mchana huu niliogopa, nikakohoa hivyo hivyo.

Alhamisi, 13 Machi
Oksijeni imepunguzwa. Daktari anasema kinga imeanza kutulia, maji yanapungua. Hatua tisa hadi dirishani. Adhiambo alitaka kunishika. Nilikataa.

Jumatatu, 17 Machi
Barakoa imetolewa. Shemeji alileta supu ya samaki. Hakuomba msamaha. Alinishikia bakuli kwa mikono miwili. Nilikunywa yote. Alimzika kaka yake. Labda alikuwa anajiandaa kwa njia anayoijua. Bado nina hasira naye. Kidogo.

Jumapili, 6 Aprili
Nimerudi Rongo. Leo nilienda kanisani kwa miguu, nikisimama mara tatu njiani. Jirani aliniambia nirudi nikalale. Nikampita. Nilikaa benchi la nyuma. Wengine waliimba, mimi nilihesabu pumzi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na dirisha lilikuwa wazi. Hewa ilinukia udongo. Niliivuta hadi chini kabisa, taratibu, na hakuna kilichouma.